Kanuni Zangu na Nadharia za Kabula

Vijana wa chumba cha mizani, mliponiomba niandike kumbukumbu zangu za kazini nilifurahi kwa muda wa kama nusu dakika. Halafu mmoja wenu akaongeza, "Mama Limi, hasa utuandikie ile kesi ya Mama Shija, na yale maelezo ya dada Kabula kuhusu kanuni na nadharia." Furaha ikaniishia hapo hapo. Nimepima dhahabu Geita tangu wengi wenu hamjazaliwa, nimepima kwa maji, kwa jiwe na kwa tindikali, na bado nikiombwa kumbukumbu zangu naombwa kumbukumbu za Kabula. Nitaandika. Ila nawaonya mapema kwamba naandika nikiwa na wivu, na kwa umri huu kuuficha ni kazi kubwa kuliko kuusema.

Nilizaliwa Isaka, nikaitwa Minza. Baba alikuwa mpima mizigo kwenye ghala la reli, nami nilikua nikimtazama akisogeza kijiwe cha mzani taratibu hadi mkono wake unyooke. Aliuamini mzani kuliko alivyowaamini watu, akiwamo mama. Wenye pamba walikuja na maelezo marefu ya kwa nini gunia limepungua njiani, na baba akawajibu kwa sentensi moja: "Mzani haujauliza kwa nini." Nilikwenda Geita na cheti cha kidato cha nne, mikono isiyotetemeka, na sentensi hiyo.

Aliyenipokea kwenye kituo cha kupimia dhahabu alikuwa Mzee Sefu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani, mama yake Mzinza, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kofia safi na maneno yasiyo na haraka. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniomba ufunguo wa chumba changu. Nilidhani ananitania. Akaufunga kwa uzi mwembamba wa nailoni, akaniambia niupime ukiwa hewani, halafu niupime ukiwa umening'inia ndani ya maji, na nirudie hadi namba zigome kubadilika. Nilipima ufunguo ule siku nzima. Dhahabu sikuigusa hadi wiki ya tatu.

Hicho ndicho kipimo cha maji, na nawaandikia tena ingawa mnakijua, kwa sababu nyinyi mnakifanya haraka mno. Kitu kikizamishwa kwenye maji kinapungua uzito, na kinapungua sawasawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Ukijua kimepungua kiasi gani, umejua ujazo wake. Gawanya uzito wa hewani kwa ujazo huo, umepata densiti, yaani wingi wa uzito uliobanwa katika nafasi ndogo. Dhahabu inazishinda karibu metali zote kwa hilo. Fedha, shaba na risasi ziko chini yake mbali, kwa hiyo dhahabu iliyochanganywa inajulikana kwa kuwa na mwili mkubwa kuliko uzito wake. Ukutani tulikuwa na jedwali: densiti upande mmoja, usafi upande wa pili. Mzee aliliandika kwa mkono wake, nami nililikariri kama wengine wanavyokariri nyimbo za kanisani. Na tumieni tone la maji ya sabuni. Bila sabuni vipovu vya hewa vinang'ang'ania ngozi ya donge na kuwadanganya.

Juu ya mlango, kwenye msumari, palikuwa na mzani mkongwe wa springi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuutumia. Nilipouliza, Mzee alicheka. Mlinzi mmoja wa zamani aliutumia kupimia paja la ng'ombe la Krismasi. Springi inafuata kanuni nzuri sana, alisema, uzito ukiongezeka mara mbili nayo inarefuka mara mbili, na unaweza kuapa kwayo. Lakini kuna mahali inafika inakataa, na baada ya paja lile haikurudi tena. "Hata kanuni ina mipaka ya shamba lake, Minza." Mimi nilisikia kichekesho tu cha mlinzi na nyama.

Sasa jiwe. Mzee Sefu alikuwa na jiwe jeusi lenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, laini kama limelambwa, alilopewa na fundi aliyemfundisha yeye. Unasugua dhahabu juu yake, inaacha mstari. Pembeni unasugua sindano ya dhahabu ambayo usafi wake unaujua, halafu unadondosha tindikali na kutazama mstari upi unafifia kwanza. Siku hizi jiwe la namna hiyo linanunuliwa. Lile halikununuliwa, lilipokezwa. Aliyekabidhiwa ndiye aliyekuwa fundi, na kila mtu Geita aliyeshika mzani alijua hivyo. Nililitaka jiwe lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote ambacho si mtoto. Kila Ijumaa Mzee akienda msikitini, mimi ndiye niliyelisafisha kwa mafuta na majivu, na nililisafisha kama mtu anayefua nguo za mchumba.

Mwaka wangu wa tisa akaja Kabula.

Alitoka Shinyanga mjini, amemaliza kidato cha sita masomo ya sayansi, ana sauti ya chini na daftari lenye jalada gumu. Alinisalimu vizuri, akaniita dada Minza tangu siku ya kwanza, na hajaacha hadi leo. Ningependa niwaambie kwamba alikuwa na majivuno, ingenisaidia sana. Hakuwa nayo. Mzee alimpa ufunguo wake aupime, kama alivyonipa mimi. Kabula akaupima mara sita, akauliza, "Mzee, kwa nini maji yanausukuma juu na si chini?"

Mimi katika miaka tisa sikuwahi kuuliza hivyo. Mzee Sefu aliweka kikombe chake cha kahawa mezani, akavuta kiti. Walikaa hadi saa ya chakula wakichora ndoo za maji kwenye daftari lile lenye jalada gumu, na mishale, na jinsi maji yanavyokandamiza zaidi kadiri unavyokwenda chini, hivyo tumbo la ufunguo linasukumwa kwa nguvu kuliko mgongo wake. Nilipima madonge kumi na moja asubuhi hiyo peke yangu. Hakuna aliyechora chochote kwa ajili yangu.

Tangu hapo ikawa hivyo. Kahawa ya Mzee ilimiminwa kwanza kwa Kabula, kwa sababu alikuwa katikati ya swali. Wachimbaji wakaanza kuchungulia dirishani na kuuliza, "Yule dada mwingine yupo?" Mimi nilikuwa mwepesi zaidi, na namba zangu hazikuwa na kosa, lakini nani anampenda mtu kwa sababu namba zake hazina kosa? Nilipata jina la kumtania, nikamwita Bi Nadharia. Niliamini, na hapa nakiri ujinga wangu, kwamba nadharia ni wazo ambalo halijathibitishwa. Likithibitishwa kidogo linapanda, likithibitishwa sana linafika juu na kuwa kanuni. Kwa hesabu hiyo mimi niliyeshika kanuni nilikuwa nimeshafika, na Kabula alikuwa bado njiani na daftari lake.

Siku ya Mama Shija ilikuwa siku ya gulio, na benchi la nje lilijaa watu. Mama Shija alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Kharumwa, mjane, anayeosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo pamoja na wanawake wenzake saba. Alikuja na donge moja lao wote, gramu arobaini, amelifunga kwenye ncha ya kanga na kulifungua kwa meno. Walikuwa wamelikusanya kwa miezi, wakaichoma zebaki wenyewe, wakayeyusha kwa moto wa mkaa na mfuko wa kuvuvia.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibu, kaa."

Mzee akalisugua donge kwenye jiwe. Mstari ukabaki unang'aa, tindikali haikuufanya kitu. Dhahabu nzuri. Akanipa nilipime kwa maji, yeye akasimama nyuma yangu na kikombe chake. Nikafunga uzi, nikatia tone la sabuni, nikalizamisha taratibu. Hewani arobaini. Majini thelathini na saba. Limepungua tatu, na arobaini kwa tatu ni kumi na tatu na kitu. Dhahabu yenye mstari mzuri kama ule ilipaswa kusoma kumi na saba na kuendelea.

Mnajua nilichofikiri, kwa sababu nanyi mngefikiri hivyo. Jiwe linaona ngozi tu. Ngozi nzuri na tumbo baya ni wizi wa zamani kabisa katika kazi yetu: unachukua kipande cha risasi au shaba, unakivalisha dhahabu, unakipeleka sokoni. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika CHAFU kwenye karatasi yake. Nikamwita mlinzi. Kisha nikasema kwa sauti, na watu wa benchi wakasikia, kwamba donge limetiwa kitu ndani.

Mama Shija hakupiga kelele. Alisimama, akakaa tena. "Mwanangu, hiyo nimeichoma kwa mikono yangu," alisema. "Shaba ningeitoa wapi, nene, mimi mjane? Wenzangu saba wananingoja. Nikirudi na neno hilo sina pa kuishi." Alikuwa anasema kweli. Kule mwaloni mtu aliyeandikwa chafu hashirikishwi tena, na watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi hadi wazeeke. Benchi zima lilikuwa limegeuza shingo kumtazama.

Kabula akasogea mezani, akaisoma hesabu yangu kwa utaratibu wake ule wa kuudhi. "Namba zako ziko sawa, dada Minza."

"Najua ziko sawa."

"Ila labda ndani hamna shaba. Labda ndani hamna kitu. Moto wa mkaa hautoshi, dhahabu ikitoka kwenye zebaki inakuwa na matundu, na kama haikuyeyuka vizuri hewa inabaki humo humo."

"Hiyo ni nadharia tu," nikasema, na nikahakikisha benchi linasikia. "Mimi hapa nina kanuni."

Alijibu kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi. "Hiyo si nadharia, dada, ni dhana. Nimebahatisha tu na inabidi ipimwe. Nadharia ni kitu kikubwa zaidi ya hapo. Na kanuni yako sijaipinga. Maji yamesema mwili wa donge hili ni mkubwa kuliko uzito wake, na yamesema kweli. Lakini maji hayatofautishi shaba na hewa. Hayajaulizwa kwa nini."

Hayajaulizwa kwa nini. Sentensi ya baba yangu, imepinduliwa, mdomoni mwa mtu ambaye hakuwahi kufika Isaka. Nilitamani ardhi immeze yeye, si mimi.

Njia ya haraka ingekuwa kulikata donge kwa patasi na kutazama ndani. Mzee hakukubali. Kwenye madini yetu, donge lenye jeraha la patasi ni donge lililokwisha kushukiwa na mtu, na kila mnunuzi baada yako atamtazama mwenye donge kwa jicho la pembeni hata kama ndani ni dhahabu tupu. Wageni wa kazi hii hawalijui hilo, wanakata kila kitu. Mzee akamwomba Mama Shija ruhusa ya kuliyeyusha upya kwenye tanuru letu, yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo. Kabula akamweleza kabla, bila kumficha: "Mama, kama kuna shaba au risasi, itachanganyika, na jiwe litasema vibaya. Kama ni hewa, itatoka, donge litakuwa dogo na jiwe litasema vilevile. Litapungua uzito kidogo kwa uchafu utakaoungua. Unakubali?"

"Yeyusha," alisema Mama Shija. "Yeyusha mbele yao wote."

Tukafungua mlango wa tanuru upande wa uani ili watu wa benchi waone. Kabula alitia boraksi ya kuvuta uchafu, Mzee akavuvia. Donge lilipolegea, katikati yake pakafanya shimo, likazama kama ugali unaotoa pumzi, kisha likakusanyika na kuwa tone jekundu linalotetemeka. Likamwagwa, likapoa, likaoshwa. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Mzee akalisugua kwenye jiwe: mstari ule ule. Akanipa. Hewani thelathini na tisa na pointi sita. Majini likapungua mbili na robo tu. Kumi na saba na pointi sita.

Niliisoma namba kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi yangu. Benchi likashangilia kama mpirani. Mama Shija alikuja akamshika Kabula mikono yote miwili, akamshukuru, "Wabeja, mwanangu, wabeja sana," akalia. Nami nilipata salamu ya kichwa. Nilichana karatasi yenye neno chafu vipande vidogo kabisa, lakini neno lenyewe lilikuwa limeshasikika.

Watu walipoondoka Mzee Sefu aliniuliza, taratibu kama anayeuliza habari za nyumbani, "Minza, donge lilipoingia majini mara ya kwanza, hukuona chochote?"

"Sikuona kitu, Mzee."

Akatikisa kichwa, akaenda kuosha kikombe chake. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, tukiwa wawili. Nikamjibu vilevile. Hakuuliza mara ya tatu.

Baada ya siku ile Kabula aliombwa na Mzee awe anawafundisha wageni wa kazi kila Jumamosi asubuhi, na huo ndio mwanzo wa yale maelezo mnayoyapenda. Mimi sikuhudhuria. Nilikuwa nahesabu magunia ya mkaa stoo, upande wa pili wa ukuta wa mbao, na magunia yale yalikuwa saba tu, nikayahesabu kila Jumamosi kwa saa mbili. Kwa hiyo nayajua maelezo yake yote, na nitayaandika hapa kama nilivyoyasikia, ili msiseme nimemnyima haki.

Kanuni, alisema, inakwambia nini hutokea. Kila mara, mahali pote ndani ya mipaka yake, ukifanya hivi itakuwa vile, na mara nyingi unaweza kuiandika kwa mstari mmoja wa hesabu. Kitu kinapungua uzito sawa na wa maji kiliyoyasukuma: hiyo ni kanuni. Haina neno la kwa nini ndani yake. Nadharia inakwambia kwa nini. Inachukua mambo mengi yaliyopimwa, pamoja na kanuni zenyewe, na kuyapa maelezo yanayosimama pamoja, na inakubali kujaribiwa kila siku. Kwa nini dhahabu ni nzito hivi? Kwa nini springi inavutika na kurudi, na kwa nini ikizidiwa hairudi? Kwa nini dhahabu na shaba zikiyeyuka zinachanganyika? Kanuni tatu tofauti hazitakujibu. Nadharia ya atomi moja inayajibu yote: vitu vimeundwa na chembe, chembe za dhahabu ni nzito na zimepangwa kwa kubanana, na chembe zinashikana kwa nguvu yenye kikomo.

Mgeni mmoja akamuuliza: basi nadharia ya atomi itakuwa kanuni lini? Niliacha kuhesabu magunia. Hilo lilikuwa swali langu.

"Haitakuwa," alijibu Kabula. "Itabaki nadharia hata dunia iishe, na si kwa sababu imefeli. Mzani haukui ukawa tanuru. Ni vyombo viwili, vina kazi mbili. Mtakapoona mtu anasema hiyo ni nadharia tu, mjue anamaanisha dhana." Halafu, na hili sitamsamehe, akaongeza: "Dada Minza ndiye mtu wa kanuni bora kabisa katika mji huu. Mimi bila namba zake nisingekuwa na cha kueleza." Alijua nipo stoo. Nina hakika alijua.

Mwaka ule ule Mzee Sefu alichoka macho, akaacha kazi. Tulimfanyia pilau. Baada ya kula alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua, jiwe likawa juu ya kiganja chake. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote. Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Akanipita, akampa Kabula.

Miaka iliyofuata niliwaambia watu wengi kwa nini jiwe lilikwenda kwa Kabula. Nilisema ni kwa sababu alisoma. Nilisema ni upendeleo, wazee wanawapenda wanaowauliza maswali. Kwa mume wangu nilisema mengine ambayo sitayaandika. Mzee Sefu alipofariki nilikwenda msibani nikalia sana, na wanawake wakanibembeleza wakidhani ni majonzi tu. Nikarudi kazini, na kila asubuhi Kabula akilitoa jiwe kwenye droo mimi nilitazama dirishani.

Mashine yenu ya mionzi ilipokuja nilifurahi, nikajua sasa jiwe limekufa. Halikufa. Nanyi msikilize hapa, hiki ni cha kazi: mashine ile nayo inaona ngozi tu, kama jiwe. Ikikwambia dhahabu ni safi na maji yakakwambia vingine, usikimbilie kalamu nyekundu. Uliza kwanza ni vitu vingapi tofauti vinavyoweza kuleta namba hiyo hiyo, halafu tafuta jaribio litakalovitenganisha. Hayo nayo ni maneno ya Kabula, nimechoka kuyakwepa.

Siku mliyoniaga, mwezi uliopita, mlinipa kitenge na saa ya ukutani, nashukuru. Mlipokuwa mnapanga viti Kabula aliniita uani, kwenye tanuru la zamani. Nywele zake nazo zimekuwa nyeupe, na zinampendeza, bila shaka. Alikuwa ameshika kitambaa kile kile cha Mzee.

"Hili ni lako, dada."

Sikulipokea. Nikamuuliza lini limekuwa langu.

"Siku Mzee aliponipa aliniambia, mtunzie Minza. Mpe siku atakayosema."

"Siku nitakayosema nini?"

Kabula alinitazama, na uso wake haukuwa na ushindi wowote, nilitafuta. "Unajua. Mzee alikuwa amesimama nyuma yako."

"Na sijasema kitu."

"Najua. Lakini unastaafu, dada Minza. Na mimi nimechoka kungoja." Akaliweka mkononi mwangu, akarudi ndani kuwasaidia na viti.

Kwa hiyo alijua. Miaka yote ile alijua, akaniita dada, akanisifu mbele ya wageni, akaninyamazia. Nilisimama pale na jiwe nililolitamani nusu ya maisha yangu, na badala ya furaha nikahisi wivu mpya, mbichi, mkali kuliko wa zamani.

Haya, sasa nasema. Donge la Mama Shija lilipoingia majini mara ya kwanza, kiputo kimoja kilitoka chini yake, upande wa kushoto, kwenye kitundu kidogo kama cha sindano, kikapanda juu kikapasuka. Hakikuwa kile cha kung'ang'ania ngozi, sabuni ilikwisha kuviondoa hivyo. Kilitoka ndani. Mtu aliyepima kwa miaka kama yangu anajua maana yake: donge lina uwazi. Nilijua kabla Kabula hajafungua mdomo. Na alipoufungua, kusema "kweli, nimeona kiputo" kungekuwa kumpa yeye siku ile mbele ya benchi zima. Sikuweza. Nikamwacha mama wa watu akae pale na jina la mwizi, kwa sababu sikutaka mtu fulani awe sahihi. Kanuni haikunikosea, wala sikukosa nadharia. Nilikuwa na namba, nilikuwa na sababu ya namba, nikatoa moja nikaficha ya pili.

Alhamisi nakwenda Kharumwa. Nimeambiwa Mama Shija yu hai, ana wajukuu, na bado anapenda kusimulia habari za siku ile. Nitamsimulia sehemu aliyoikosa, na nitaomba wanawake wenzake waliobaki wawepo.

Jiwe silirudishi, mtu asije akaniomba. Nililisafisha kila Ijumaa kwa miaka, sharti lilikuwa niseme, na nimesema, kwa maandishi, mbele yenu nyote. Sasa ni langu. Liko hapa mezani karibu na saa yenu ya ukutani, na kila nikilishika nakumbuka jinsi Kabula alivyoliweka mkononi mwangu na kwenda kupanga viti, bila hata kugeuka kulitazama. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mimi nisingeweza.